Chozi wa Mwalimu Sabiri

Tongoni,
4 Mei 2025

Shemeji Luka,

Salamu zangu ni zile zile, na kama huko milimani bado mnajifunika mablanketi mchana, poleni. Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa mkono, na barua nimempa kondakta wa basi la Amani, kwa sababu nikikupigia simu utacheka, na ukicheka nitakukatia. Karatasi hata ukiicheka itabaki inasema.

Unalijua neno lenyewe. Ni yule ndege, chozi wa marehemu. Mume wangu, Mwalimu Sabiri, mtani wako, alikwambia miaka nenda miaka rudi kwamba yule chozi wa kwenu, mdogo, kijani mgongoni, mwenye mkanda mwekundu kifuani, kila kipupwe huteremka hadi huku Tongoni kunywa maua kwenye mkorosho wetu wa nyuma ya nyumba. Ukamcheka. Utani ni utani, kwa hilo sikulaumu. Lakini siku ile alipopanda Amani akakukuta na wageni wako wa kutazama ndege na waongozaji wenzako, akayasema mbele yao, mkamcheka nyote, na wageni nao mkawatafsiria ili wacheke. Alirudi hapa akavua viatu, akaomba chai, na tangu siku hiyo hakumtaja tena ndege yule mbele ya mtu isipokuwa mimi. Amekufa hivyo, watu wakimhesabu mtu wa kutunga.

Sasa sikiliza. Mwanangu Masoud anataka kunijengea nyumba ya matofali, na mkorosho uko katikati ya vigingi vyake. Anasema Septemba anaukata. Si mtoto mbaya. Aliniona masika hii nikihamisha kitanda kukimbia paa linalovuja, roho ikamuuma. Nimemwomba anipe kipupwe kimoja tu. Akaniuliza, "Cha nini, mama?" Nikamjibu, cha baba yako. Akageukia vigingi vyake, nami nikaelewa. Hata yeye hamwamini babake.

Kwa hiyo nakuita. Njoo mwisho wa Juni na darubini yako, ukae, uone kwa macho yako mwenyewe. Ukimuona, utasema mbele ya wale wale mliomcheka pamoja. Usipomuona, mkorosho utakatwa, nami nitanyamaza. Bada ya muhogo na samaki vipo. Blanketi liache huko.

Shemeji yako,
Nasra


Amani,
12 Mei 2025

Shemeji Nasra, mke wa mtani wangu,

Barua yako imefika inanuka samaki, nikajua ni ya kwenu kabla sijaifungua. Kondakta anasema alilipiwa kwa ngisi. Nyie watu hamna aibu.

Sasa na mimi nikueleze, maana naona umesahau unaongea na nani. Huku chozi si ndege mmoja. Yupo mwenye mkufu na tumbo la manjano, anazunguka hata kwenye ua la nyumba yangu. Yupo wa mgongo wa zambarau. Yupo yule aliyepewa jina la Amani yenyewe, ambaye watu wanapanda ndege kutoka ng'ambo waje wamtazame kwa dakika moja, na wakimuona wananikumbatia. Na yupo huyo wenu wa kwenye hadithi, wa mkanda. Huyo anakaa kileleni mwa miti mirefu, ana msitu, ana ukungu, ana maua ya kila namna. Aje pwani kufanya nini, kuogelea?

Sabiri nilimpenda, nawe unajua. Alikuwa na macho ya kusahihisha madaftari, si ya kutazama ndege. Aliona kitu cha kijani akakitia mkanda mwenyewe.

Lakini umeniita, na mimi mtani akiniita sikatai. Nakuja. Ukinionyesha ndege huyo nitasema, na nitasema kwa sauti kubwa kuliko niliyochekea. Usiponionyesha, shoka la Masoud nitalinoa mimi.

Kuna jambo moja. Shingo yangu siku hizi haitaki kutazama juu kutwa. Namtuma mkwe wangu Asheri, aliyemuoa binti yangu Brightness, mkulima wa machungwa pale Muheza, atangulie kujenga dungu, kile kijukwaa cha miti, pembeni ya mkorosho wako. Tumezoea dungu la kufukuzia ndege shambani. Hili litakuwa la kumngojea mmoja asiyekuja.

Mtani wenu,
Luka Shemhilu


Tongoni,
27 Mei 2025

Shemeji Luka,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili ili nione kama kuna jambo la maana nililoliruka. Sikuliona.

Unanihesabia chozi wa kwenu kana kwamba huku tuna kunguru tu. Hebu nikwambie. Mwaka mzima tunaye wa rangi ya majivu, mpole, anayetoka kwenye mikoko akaingia mpaka uani. Tunaye mweusi wa kidari chekundu. Huyo akifika kwenye ua la mgomba anawatimua wenzake wote, na jike lake limening'iniza kiota kwenye kamba ya nguo ya jirani yangu, hatuaniki kitu pale mpaka makinda yatoke. Vuli ikianza wanakuja wengine wadogo, kijani na zambarau, wanashinda kwenye maua ya minazi, kisha siku moja unaamka hawapo. Na kipupwe, kusi ikishakaza na alfajiri zikawa za kutafuta shuka, anakuja wa kwenu. Haji na kundi. Ni mmoja au wawili, juu ya mkorosho, mwezi Julai mpaka Agosti ikikolea, kisha anakwenda zake.

Umeuliza anafuata nini pwani. Swali zuri, ila ungemuuliza Sabiri wakati ule badala ya kucheka. Anafuata kirukia. Mkorosho wetu umejaa kirukia, ule mmea unaoota juu ya mti wa mwenzake na kuunyonya, wenye maua marefu mekundu kama njiti za kiberiti. Ua lake halifunguki lenyewe. Chozi analibana kwa mdomo, linapasuka, ndipo anakunywa. Sabiri alikuwa akinibania moja karibu na uso, linalia pu, unga unaniruka puani, nami nacheka mpaka naketi chini. Tulikuwa watu wazima wenye wajukuu.

Watu hapa wananisema. Kila anayepita anauliza kwa nini mjane anaacha mti wake uliwe namna hii. Korosho zake mwaka jana hazikujaza bakuli. Wanadhani nimechoka, au nimefiwa na akili pamoja na mume. Siwajibu. Mimi ni mke wa Sabiri na ninajua ninachokilinda.

Virukia vimeanza kutoa vichwa vya maua. Mlete huyo Asheri. Ila Idi ya kuchinja ikipita sitakuwepo siku kadhaa, nakwenda Ngamiani kwenye harusi ya mpwa wangu Zuwena. Bila mimi hapambwi. Ufunguo utakuwa kwa jirani. Waingie, wapike, wajione wako kwao.

Nasra


Amani,
10 Juni 2025

Shemeji Nasra,

Asheri na Brightness wameteremka leo alfajiri na misumari, kamba, panga na ngazi yake ya machungwa. Nimemwambia maneno mawili tu: kwa shemeji yangu usiache kazi ya kusemwa, na mti uonekane vizuri kutoka dunguni. Ni kijana wa mikono. Maneno hana, mikono anayo.

Jana nilikuwa na wageni kutoka Amerika. Mama mmoja kila akimuona chozi anataja ndege wa kwao, yule mdogo sana anayesimama hewani huku mbawa zinavuma kama nyuki. Nikavumilia, mwisho nikamwambia: mama, huyo wako mzuri, nimemuona kwenye filamu, ila Afrika nzima hajawahi kutua hata mmoja. Huyu ni chozi, ni ukoo mwingine kabisa. Wa kwenu anakunywa akiwa angani, kama mtu anayekula akitembea. Wa kwetu anatua, anashika tawi, anakula kwa adabu. Mama akacheka, akaandika.

Kisha akaniuliza kama chozi nao wanahama kwa misimu, maana kwao ndege hao wakihisi baridi wanakimbilia kusini, wanarudi maua yakirudi. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba wa Amani ana kwao na hatoki. Nilipomaliza nikakukumbuka, nikacheka peke yangu, wakanishangaa.

Mwisho wa mwezi niko kwako. Samaki asiwe na miba mingi.

Luka


Tongoni,
17 Juni 2025

Luka,

Leo sikuiti shemeji.

Nimerudi jana kutoka Ngamiani, hina ya harusi bado mbichi mikononi, nikapita moja kwa moja nyuma ya nyumba. Mkorosho umenyolewa. Virukia vyote vimekatwa. Umebaki na majani yake tu, safi, kama mti wa kwenye kalenda. Vilivyokatwa vimerundikwa pembeni, vimenyauka, na maua yake yamefumba vile vile. Dungu limejengwa vizuri sana. Uwanja umefagiwa. Binti yako ameniachia kikapu cha machungwa mezani na kawa juu yake.

Nilikuandikia kwa mkono wangu anachokifuata ndege yule. Sikumwandikia mtu mwingine. Mwezi haujaisha, mkwe wako anakuja na panga anakikata. Unataka niamini nini? Umeogopa, Luka. Ulijua ukija utamuona, na ukimuona itakubidi useme, na wewe kusema kwamba mtu wa pwani alisema kweli huwezi. Ungetaka kunikwepa ungeniambia shingo inakuuma. Ningekubali.

Utani una mpaka. Mtani anaweza kunikamatia kuku wangu mbele ya macho yangu, akamchinja, akaniita tule, na mimi nikacheka. Hiki si kuku.

Masoud alikuja jioni, akautazama mti, akasema sasa umependeza mpaka anaona huruma kuukata. Niliingia ndani nikalia. Siulilii mkorosho. Namlilia Sabiri, ambaye sasa atabaki mwongo kwa kila mtu isipokuwa mimi, na mimi sina miaka mingi.

Usije.

Nasra


Amani,
21 Juni 2025

Shemeji Nasra, nakuita hivyo hata kama wewe umeacha,

Nilipomaliza kusoma niliteremka Muheza siku hiyo hiyo. Nikamkuta Asheri juu ya mchungwa. Nikamuuliza amefanya nini Tongoni, akatabasamu, shemeji, akatabasamu kabisa. Akasema, "Baba, ile kazi niliifanya kwa moyo."

Akanieleza kwa fahari. Alifika akakuta mti wa mjane umevamiwa. Sasa wewe ni mtu wa korosho na samaki, labda hujui. Kwa watu wa machungwa, kirukia ni aibu. Mchungwa wenye kirukia ni kama mtoto mwenye kamasi. Anayepita anamfuta hata kama si wake. Jirani akikiona anapanda anakikata bila kuuliza, na mwenye mti anashukuru. Asheri alidhani huna mtu wa kukupandia. Alishinda juu kutwa, akakwaruzwa uso wote, akamkataza Brightness asikwambie kwa simu ili urudi ukute mwenyewe. Alikuwa akingoja shukrani zako. Nilipomwambia alichokata, alishuka akakaa chini ya ngazi akalia, akaniomba nikuombee radhi.

Mimi barua yako ya kirukia niliisoma nikaiweka. Sikumsimulia, maana niliona utani wetu si wa watoto. Nikamwambia asiache kazi ya kusemwa, na mtu wa Muheza ukimwambia hivyo, panga linaanzia kwenye kirukia. Hilo ni langu, nalibeba.

Lakini kuogopa, hapana. Niite mbishi, niite mcheshi wa hovyo, niite Msambaa asiyejua kuogelea, yote nayakubali. Kazi yangu maisha yote ni kuwaonyesha watu ndege aliyepo, na asiyekuwepo kuwaambia hayupo. Wageni wamenipa vitu niwaambie wamemuona ambaye hawakumuona, nikakataa. Siwezi kumfukuza ndege ili nishinde ubishi. Katika hilo sikubali kuguswa, hata na wewe.

Umesema nisije. Nitakaa huku mpaka uniite.

Luka


Amani,
14 Julai 2025

Shemeji,

Hujajibu, na sikulaumu. Naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni, nikimwambia mke wangu ananijibu nikakuandikie wewe.

Tangu barua yangu ile nimekuwa nikimtafuta chozi wa mkanda huku kwetu. Nilikuwa na nia nzuri. Nilitaka nikuandikie kwamba nimemuona Julai hii hapa hapa Amani, kwa hiyo mkorosho wako haukupoteza kitu, Sabiri alikosea kwa nia njema, tusameheane. Nilidhani litakutuliza. Basi nikaenda pembezoni mwa mashamba ya chai. Nikaenda kule kwenye vijito, kwenye iliki, kwenye miti mikubwa ambako Machi nilimwonyesha kila mtu aliyetaka. Wa mkufu yupo. Wa Amani yupo. Wa mkanda hayupo.

Nikajiuliza, Julai iliyopita nilimwonyesha nani? Sikumkumbuka mtu. Nikawauliza waongozaji wenzangu mmoja mmoja. Wote wakanipa jibu moja, ambalo hata mimi nimewapa wageni tangu nianze kazi: kipupwe anajificha. Ukungu ukizidi anapanda juu zaidi, haonekani. Shemeji, tumekuwa tukisema hivyo miaka yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kama yupo.

Siwezi kusema yuko Tongoni. Sijamuona Tongoni. Ila hayupo Amani, na jana nimelisema hilo mbele ya wote, mahali pale pale tulipocheka. Hawakulipenda.

Asheri naye alipanda jana kutoka Muheza. Akaniambia anaomba radhi kwako kwa kazi aliyoiacha nusu. Nikamwambia mbona za kukata umekwishaziomba hadi ukalia. Akasema si hizo. Anasema kuna kirukia kimoja hakukikata, juu kabisa, upande wa baharini. Tawi lilikuwa jembamba likamkatalia. Siku ile kilimkera njia nzima mpaka Muheza, akapanga kurudi na ngazi ndefu amalizie kimya kimya. Sasa hajui aone aibu kwa lipi, kukata au kuacha.

Nimeona nikwambie.

Luka


Tongoni,
20 Julai 2025

Shemeji Luka,

Jina nimekurudishia, lisikufurahishe sana.

Asheri mwambie nimemsamehe zamani. Nilimsamehe niliposoma ile habari ya kamasi, maana nilicheka peke yangu jikoni, na ukishacheka hasira inakuwa kazi ya kusukuma. Machungwa yalikuwa matamu. Niliyala nimenuna.

Wewe bado. Umesema hayupo Amani na unaona umenipa kitu. Sabiri hakusema kwamba ndege haonekani kwenu. Alisema anaonekana kwetu. Sitaki unisadiki kwa huruma, Luka. Ukinihurumia mimi ndiyo umemcheka yeye mara ya pili. Nataka aonekane, na aonekane na wewe.

Nilipomaliza barua yako nilitoka nje nikapanda dungu, mimi na magoti haya, jirani akanipigia kelele niteremke. Ni kweli. Kipo. Kipo juu kabisa ambako hata mimi sikuwahi kukiona nikiwa chini, kikubwa kuliko beseni la kufulia, chekundu kitupu. Nikayatazama maua yake mpaka macho yakatoka machozi. Mengine yamefumba. Mengine yamepasuka. Nilikwambia ua lile halifunguki lenyewe. Kuna mtu anayafungua.

Sitakudanganya, anaweza kuwa yule wetu wa majivu. Macho yangu hayafiki tena pale juu kuona rangi. Ya kwako yana darubini, na kipupwe hakijaisha.

Basi njoo. Usipoteze muda kufunga mizigo.

Nasra


Tongoni,
10 Agosti 2025

Shemeji Luka,

Umeondoka jana bila neno. Nimekujua kabla Masoud hajazaliwa na sijawahi kukuona ukinyamaza, hata msibani. Kwenye msiba wa mama mkwe wangu wewe ulitaka kulala kwenye jeneza ili tukulipe utoke. Jana ulinawa uso, ukala bada yangu yote, ukashika mfuko wako, ukaenda kungoja basi barabarani. Nimekaa na hilo usiku kucha, leo nimeamua kukuandikia.

Au unadhani sikuona? Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Masoud alikuletea chai dunguni, na alipokuletea hakurudi. Siku zote tangu ufike amekuwa akipita pale na futi yake mkononi, anapima, anakutazama kwa kando kama mtu anayemngoja mgeni aondoke aendelee na kazi. Jana akapanda. Nikamsikia anauliza, "Mzee Luka, yule ni nani?" Kisha nikakusikia ukimwambia polepole, "Tazama kifua chake."

Nikaacha mbuzi na nazi, nikatoka na mikono michafu. Mimi nilichokiona ni kitu kidogo kinacheza kwenye wekundu. Masoud ndiye alikuwa na darubini. Alikuwa analia, mwanamume mzima mwenye ndevu, na hakujifuta. Akasema, "Baba alikuwa akimsema huyu." Nikamjibu ndiyo, huyu. Wala sikulia. Nilisimama pale nimenyooka, nikahisi natembea barabara ya Tanga mjini na Sabiri kando yangu amevaa kanzu yake ya Idi.

Masoud ameng'oa vigingi vyake jana hiyo hiyo. Nyumba inasogea upande wa kisima, na anasema atanitolea baraza linalotazama mkorosho. Jirani alipita asubuhi akauliza kama tumemalizia kile kirukia cha juu. Masoud akamwambia atakayekigusa atamfikisha mbali.

Kwa hiyo nimepata kila kitu isipokuwa kile nilichokuitia. Tulikubaliana ukimuona utasema. Na usiniandikie mimi. Mimi nilijua. Masoud ameona. Mwandikie yule uliyemcheka, nami nitampelekea nimsomee alipo.

Nasra


Amani,
18 Agosti 2025

Kwa Mwalimu Sabiri, kwa mkono wa mkewe, Tongoni

Mtani wangu,

Salamu. Nasikia huko uliko hakuna chaki wala kengele, kwa hiyo utanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo ukiwa hai hukuwahi kulifanya.

Mimi Luka Shemhilu, mwongoza wageni wa Amani, nimemuona. Ilikuwa tarehe tisa ya mwezi huu, umande umeshakauka, kwenye mkorosho wako, kwenye kirukia cha juu upande wa baharini. Ni dume. Kijani mgongoni, kijivu tumboni, mkanda mwekundu kifuani, na alipoinua bawa nikaona na vile vishada vya manjano kwapani, ambavyo wewe hukuwahi kuvitaja, kwa hiyo hapo nimekuzidi. Alitua, akashika tawi, akabana ua, likapasuka, akanywa, akaenda kwa jingine. Niliitafuta shaka, Mwalimu. Nilimtazama mbele na nyuma, kisha nikamwachia mwanao darubini. Shaka sikuipata.

Mkeo amekasirika kwamba niliondoka kimya. Mweleze wewe, mimi haniamini. Ningefungua mdomo ningelia, na Msambaa halii pwani, chumvi mnayo ya kutosha.

Nimesema. Jana Jumapili, mahali pale pale, mbele ya wale wale, na wageni walikuwepo, nikawatafsiria neno kwa neno. Nikawaambia chozi wa mkanda tuliyekuwa tukisema anajificha kipupwe, hajifichi. Anatembea. Nimemuona Tongoni, na aliyelijua hilo kabla yetu sote ni Mwalimu Sabiri, ambaye tulimcheka hapa. Mmoja akaanza kucheka kwa mazoea, akaona hana wa kumfuata, akakohoa. Kuanzia sasa mgeni akija Julai akimuulizia, tunampa jina la kijiji chako na jina lako, na kumwelekeza njia. Wawili wameshashuka leo. Mwambie mkeo atie maji kwenye bada.

Asheri ameacha mchungwa mmoja na kirukia chake, karibu kabisa na barabara. Muheza nzima inamsimanga. Anawajibu kwamba huo ni wa wapita njia, na wanaona ameanza kuchanganyikiwa kama wakwe zake.

Mlima bado ni wetu, usijidanganye. Lakini kwenye hili umeshinda, na nimeliandika kwa mkono wangu ili mkeo akusomee kila ukitaka. Ila usijisifu kupita kiasi huko. Wasambaa waliotangulia ni wengi, na nimewaagiza wakujibu.

Mtani wako,
Luka